Wahome Mutahi: Mwandishi Aliyejishtaki Kwanza

Leo tunamzungumzia mtu ambaye kwa takriban miaka 20 alikuwa na miadi ya kila Jumapili na wasomaji wa miji hii ya mlimani, kuanzia Nanyuki na Karatina hadi Nyeri mjini, na kutoka Othaya kuvuka mpaka wa kaunti hadi hapa Kiriaini na kule Kangema. Misa ikishatoka, gazeti moja lililonunuliwa na mtu mmoja lilikuwa likipita mikono ya watu watano au sita pale hotelini, chai ikipoa mezani, na wengi wao wakiruka habari za ukurasa wa kwanza ili waanze na safu moja tu. Safu hiyo iliitwa Whispers, na aliyeiandika ni Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri. Watu walimzoea kwa jina la safu kiasi kwamba jina la kubatizwa likawa la pili. Tangu afariki mwaka 2003, tumezoea kumtaja kama mchekeshaji: mtu aliyetupunguzia uchovu wa wiki, akatuacha tukicheka. Mimi naona sifa hiyo ni ndogo mno kwake. Hoja yangu ya leo ni kwamba Wahome Mutahi alifanya jambo ambalo waandishi wa makala nchini Kenya hawakulizoea kabla yake, na wengi hawalifanyi hata sasa. Kabla ya kumshtaki mkubwa yeyote alijishtaki yeye mwenyewe kwanza, yeye na nyumba yake na watu wa kwao, na kwa njia hiyo akapata haki ya kuitwa mkweli wakati ambapo ukweli ulikuwa bidhaa ya magendo.

Tuanze na maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto na watu wa Nyeri na Murang'a wakihamishiwa kwenye vijiji vya lazima vilivyozungushiwa handaki na miiba. Alikulia katika Ukatoliki wa mlimani, ule wa mapadre Waitaliano wa shirika la Consolata. Safu ya Whispers ilianza mwaka 1982 katika gazeti la Standard, kisha ikahamia Sunday Nation, na huko ndiko ilikopata umaarufu wake mkubwa. Mwaka 1986 alikamatwa pamoja na ndugu yake kwa tuhuma za uchochezi na kuhusishwa na kundi la siri la Mwakenya, akapitia vyumba vya mateso vya Nyayo House, kisha akafungwa. Alipotoka aliandika riwaya, Three Days on the Cross mwaka 1991 na Jail Bugs mwaka uliofuata, na mwaka 1996 kikatoka kitabu cha mzaha juu ya tabia zetu, How to Be a Kenyan. Aliandika pia michezo ya kuigiza na kusimama jukwaani mwenyewe. Machi 2003 alifanyiwa upasuaji ulioelezwa kuwa mdogo, akapoteza fahamu, na hakuzinduka hadi alipofariki tarehe 22 Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 48. Miaka mitatu baadaye wachapishaji wa Kenya walianzisha tuzo ya fasihi yenye jina lake.

Ili tuone upya wa kazi yake, inafaa tukumbuke waandishi waliomtangulia katika nchi hii ya milima. Watu wa huku hawakuanza kusoma magazeti jana. Wamisionari wa Consolata waliofika Tuthu, si mbali na hapa Kiriaini, mwaka 1902, walikuwa wakichapisha gazeti la Kikuyu huko Nyeri kufikia mwaka 1916, nalo liliitwa Wathiomo Mukinyu. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kikatoa Muigwithania, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Henry Muoria akaendesha Mumenyereri hadi serikali ya kikoloni ilipoyapiga marufuku magazeti ya aina hiyo mwaka 1952. Gakaara wa Wanjau, mchapishaji wa Karatina, aliwekwa kizuizini miaka mingi wakati wa hali ya hatari, akatunza kumbukumbu zake, na kitabu kilichotokana nazo kikashinda Tuzo ya Noma mwaka 1984. Hawa wote tunawaheshimu, na wengine wao waliilipia kalamu kwa uhuru wao. Hata hivyo, ukitazama namna wanavyomkabili msomaji, utaona wanafanana. Padre anahubiri, mwanasiasa anaita watu kwenye umoja, mzalendo anafundisha na kuonya. Mwandishi amesimama mbele, msomaji ameketi chini. Ndivyo ilivyokuwa kwenye redio pia, hata katika vipindi tulivyovipenda. Leonard Mambo Mbotela alipouliza katika kipindi chake kama jambo fulani ni ungwana, swali lilimwendea msikilizaji, halikumrudia muulizaji.

Wahome Mutahi alishuka kutoka kwenye jukwaa hilo, akaketi pamoja na wasomaji wake, tena akachagua kiti kibovu kuliko vyote. Whispers, huyo mhusika anayesema "mimi" katika safu, ni mtoto wa miteremko ya Mlima Kenya aliyeteremka mjini kutafuta maisha, na amejaa majivuno. Anajipa vyeo virefu. Anajiita mwana wa Miteremko, kichwa cha nyumba, mwenye mji. Lakini kila Jumapili vyeo hivyo vinaanguka mbele ya macho yetu. Mkewe amepewa jina la Thatcher, kwa kumfananisha na waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, na ndiye anayejua fedha zilipo na mlango unafungwa saa ngapi. Binti anaitwa Investment, kwa sababu baba anapiga hesabu ya mahari. Baadaye anaitwa Pajero, maana matumaini ya baba yamepanda bei. Mwana wa kiume ni nakala ya baba yake, hata kwa makosa. Kule kijijini yupo mama mzazi, Appepklonia, mwanamke wa imani na shamba, asiyedanganyika na Kiingereza cha mjini. Na kwenye kumbukumbu za utoto yupo Father Camissassius, padre wa Kiitaliano mwenye Kilatini na kiboko. Basi chukua Jumapili yoyote. Mwenye nyumba amechelewa baa, anarudi na uongo alioutunga njiani, anaupamba kwa maneno makubwa, na kabla hajafika katikati mke ameshaupangua kwa swali moja. Msomaji anacheka. Wakati anacheka, anagundua kwamba uongo ule anaujua, kwamba yeye mwenyewe aliusema Ijumaa iliyopita, na kwamba mwandishi hakumnyooshea kidole hata kidogo. Alijinyooshea mwenyewe.

Hapa ndipo penye ufundi, na ndipo ilipo siasa yake. Tukumbuke miaka yenyewe. Mwezi Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba, KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, na baada ya hapo hofu ikaingia mpaka vyuo vikuu na vyumba vya habari. Taarifa ya habari ya redio ilikuwa ikianza na Mtukufu Rais: leo Mtukufu amefungua hiki, leo amewaonya wale. Kwaya ziliimba sifa. Mwaka 1988 watu wakapiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na ilitokea foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Katika mazingira hayo, mwandishi anayeandika kwamba baba anayejiita kichwa cha nyumba ni mwongo, ni mlevi, anatumia fedha asizozitafuta, anataka sifa asizostahili, na anaongea juu ya nidhamu huku yeye ndiye asiyekuwa nayo, ameandika nini hasa? Askari kanzu akilisoma gazeti, ataona habari za mlevi mmoja wa Nyeri na mkewe. Msomaji wa Kiriaini ataona hayohayo, na ataona zaidi. George Ogola, msomi wa vyombo vya habari, alitoa mwaka 2017 kitabu kizima juu ya magazeti na siasa za Kenya, na ndani yake aliishughulikia Whispers kama mchezaji halisi katika siasa hizo, siyo kama pambo la Jumapili. Nakubaliana naye, ila naongeza jambo moja. Fumbo lile lilifanya kazi kwa sababu aliyekuwa akifumbwa, kwa mujibu wa maandishi yenyewe, ni mwandishi. Mtu aliyejiaibisha hadharani huna utakachomfichua. Wahenga walisema mficha uchi hazai; huyu aliutoa wake kwanza, ndipo akapata nafasi ya kutazama wa wengine.

Sasa nijibu wanaopinga, maana hoja isiyopingwa haijapimwa. Wapo wanaosema kazi kubwa ya Wahome Mutahi ni riwaya, na kwamba safu ilikuwa ya kujipatia riziki tu. Wana ushahidi wao. Three Days on the Cross ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ni riwaya ya watu wanaotuhumiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri, katika nchi ya mtawala asiyeguswa, na mateso yake yanasomeka kama yanavyoandikwa na mtu aliyeyaona. Jail Bugs nayo inatuingiza gerezani, kwenye uvundo, chawa, njaa na biashara ndogondogo za wafungwa na askari jela. Hizi ni kazi za maana na zinastahili kusomwa. Lakini tuulize: katika riwaya hizo ni nini kinachomtofautisha na waandishi wengine wa Afrika waliofungwa wakaandika? Ngugi wa Thiong'o alikuwa ameshaandika juu ya kizuizi chake, na Wole Soyinka kule Nigeria alikuwa ameshaandika juu ya chake. Wahome aliingia katika safu ya watu waliokwisha kuifungua njia. Kwa Whispers, njia hiyo alilazimika kuipasua mwenyewe. Isitoshe, riwaya ina msomaji aliyekwenda dukani kuitafuta. Safu ilimfikia hata yule aliyenunua gazeti kwa ajili ya matokeo ya mpira au matangazo ya vifo. Miaka 20 ya Jumapili, hata ukiondoa muda aliokaa gerezani, inakaribia makala 1,000. Kumfanya mhusika mmoja, nyumba moja na kijiji kimoja viendelee kuishi katika makala mengi kiasi hicho bila msomaji kuchoka, hiyo nayo ni riwaya, tena ndefu kuliko nyingine zote alizoandika, iliyotolewa kipande kwa kipande.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silipuuzi. Wanasema kicheko ni dawa ya usingizi. Kwamba serikali ya wakati ule iliiacha Whispers ichapishwe kwa sababu watu wanaocheka Jumapili hurudi kazini Jumatatu wakiwa watulivu, na kwamba mkubwa hana wasiwasi na raia anayemalizia hasira yake kwenye mzaha. Wengine hujibu haraka kwamba si kweli, mbona alifungwa? Mimi jibu hilo silitumii, kwa kuwa halisimami. Mwaka 1986 hakushtakiwa kwa sababu ya Thatcher wala Father Camissassius. Alikamatwa katika msako wa Mwakenya, ulioyakumba makundi ya walimu, wanafunzi, wakulima na waandishi, wengine wao wakiwa hawajawahi kumchekesha mtu. Kifungo chake kinatuonyesha ukatili wa dola. Hakituonyeshi nguvu ya safu yake. Ushahidi wa nguvu hiyo tuutafute mahali pengine, na mahali hapo ni kwenye mazoea ya watu. Utawala wa sifa unahitaji jambo moja kuliko yote, nalo ni uso mkavu. Mtukufu hawezi kuwa mtukufu kama wanaomsikiliza wamezoea kutabasamu kila wanaposikia vyeo virefu. Msomaji aliyemfuata Whispers kwa miaka kumi alikuwa amejifunza, bila kuambiwa, kwamba mtu akijitangaza sana kuwa kichwa cha nyumba, yafaa umtazame mfukoni na umuulize alilala wapi. Siwezi kudai kwamba mazoezi hayo ndiyo yaliyoiangusha KANU mwezi Desemba 2002. Ilianguka kwa mambo mengi, kuanzia uchumi uliokwama hadi muungano wa upinzani. Lakini raia aliyekwisha kupoteza heshima ya bure kwa vyeo ni raia mgumu kutawaliwa kwa vitisho, na hilo kicheko chake kililijenga wiki baada ya wiki.

Pingamizi la tatu linahusu lugha. Gazeti lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza, wanasema, kilimfungia nje mama wa shambani anayechuma chai. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tazameni alivyokitendea Kiingereza hicho. Alikipinda kikaongea kwa sauti ya mtu wa huku, R na L zikibadilishana viti, maneno ya Kikuyu, Kiswahili na Sheng yakiingia bila kupiga hodi, na majina ya watakatifu wa Roma yakitamkwa kwa ulimi wa Nyeri. Mwalimu wa shule angekijaza alama nyekundu. Mtoto aliyekisoma alipata ruhusa ya kuamini kwamba namna anavyoongea mama yake inafaa kuchapishwa gazetini. Zaidi ya hayo, Wahome hakuishia kwenye gazeti. Kupitia kundi lake la Igiza alitunga na kuigiza michezo kwa Kikuyu, miongoni mwao Mugaathe Mubogothi na Makaririra Kioro, na akaipeleka kwenye baa. Hebu fikirini maana ya hatua hiyo. Mwaka 1977 mchezo wa Kikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, ulipigwa marufuku huko Kamirithu, na Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe wa Kamirithu ukabomolewa. Somo lilikuwa wazi: ukiwaambia watu ukweli kwa lugha yao, ukiwa na jukwaa lako, jukwaa litavunjwa. Wahome akachagua mahali ambapo hapana jukwaa la kuvunjwa. Kwenye baa hakuna pazia wala viti vya wageni wa heshima. Waigizaji wanasimama kati ya meza, mhudumu anapita na chupa mkononi, mlevi mmoja anajibu mstari ambao hakuulizwa, na hadhira inajikuta imo ndani ya mchezo. Hapo cheo kilekile cha Mtukufu kilichofungua taarifa ya habari ya redio kilivalishwa mzee anayepayuka, na watu waliolipa kiingilio wakacheka kwa sauti kubwa, bila kutazama nyuma kuona nani anasikiliza.

Pingamizi la nne ni la akina mama, na hapa sitamtetea kwa kila kitu. Wanauliza: kwa nini mke awe Thatcher, mwanamke mkali wa kukagua mifuko, na kwa nini binti aitwe kitega uchumi? Upo upande wa kumtetea. Anayechekwa katika safu hiyo ni mume, kila mara. Thatcher ana akili timamu, ana mpango, ana neno la mwisho; tamaa ya baba juu ya mahari imeandikwa ili ionekane jinsi ilivyo mbaya. Lakini upo upande mwingine ambao wapenzi wake huukwepa. Thatcher hakupewa safu yake. Kwa miaka yote hiyo tunamwona kwa macho ya mumewe tu, na msomaji mwanamume aliyekuwa na mawazo hayohayo juu ya wanawake alikuwa huru kucheka bila kujirekebisha, akadhani mwandishi yuko upande wake. Kejeli ina hatari hiyo: anayekusudiwa kuchomwa anaweza kushangilia. Nalihesabu hilo kuwa upungufu. Hata hivyo linaithibitisha hoja yangu badala ya kuibomoa, maana pale alipojishtaki mwenyewe kalamu yake ilikuwa kali na ya haki, na pale alipomsemea mtu mwingine ndipo ilipoanza kuyumba.

Pingamizi la mwisho linatoka nje ya mkoa wetu. Wapo waliosema kwamba Whispers ilieneza picha ya mtu wa mlimani anayependa fedha, mwenye matamshi ya kuchekesha, na kwamba katika nchi ya makabila mengi mizaha ya kikabila ni moto. Wenye wasiwasi huo hawajakosea kuuona moto. Katika miaka ya tisini watu waliuawa na kufukuzwa makwao katika Bonde la Ufa kwa sababu ya kabila. Lakini tazama mzaha wa Wahome ulielekezwa wapi. Hakumcheka Mluo kwa Uluo wake, wala Mkamba, wala mtu wa Pwani. Nyani haoni kundule, na ndiyo desturi ya wacheshi wengi: kabila la jirani ndilo lenye kasoro. Yeye aliliona la kwake, akalionyesha, na msomaji wa Kisumu au Mombasa alipocheka, alicheka pamoja na mtu wa Nyeri, wala hakuwa akimcheka kwa mbali. Tena ilimrahisishia msomaji huyo kufanya kazi ileile nyumbani kwake. Baba wa Miteremko aliye mwongo ana ndugu zake kando ya ziwa na kando ya bahari, nao walijitambua. Ndiyo sababu safu iliyojaa vijiji vya Nyeri na mapadre wa Consolata ilipendwa na watu ambao hawajawahi kuona mlima wenyewe.

Nimesema kwamba wengi hawaifanyi kazi hii hata sasa, na sina budi kulieleza hilo kabla muda haujanitupa mkono. Leo waandishi wa maoni ni wengi, redio za lugha za nyumbani zimejaa kila bonde, na uhuru wa kusema ni mpana kuliko aliowahi kuuona Wahome. Mwishoni mwa miaka ya tisini vijana wa kundi la wachekeshaji la Redykyulass walikuwa tayari wakimwigiza Rais kwenye televisheni, na mchoraji wa katuni alikuwa ameshazoea kuichora sura ya mkubwa. Yale ambayo zamani yalihitaji kufumbwa sasa yanasemwa wazi. Lakini soma makala ya maoni ya wiki yoyote, au sikiliza mjadala wowote wa asubuhi. Mwovu ni mwanasiasa, au ni kabila la upande ule, au ni vijana wa siku hizi, au ni wazazi wao. Anayeandika hayumo. Tunalalamikia rushwa na hatusemi ni nani aliyempa askari wa barabarani noti ili matatu iliyojaa ipite. Tunamlaani mbunge mwizi na hatusemi ni nani aliyempigia kura kwa sababu ya shuka na unga. Katika How to Be a Kenyan, Wahome alihakikisha kila msomaji ana ukurasa wake na hakuna anayeponea. Ushujaa wa kumtukana mkubwa umekuwa rahisi. Wa kujitazama mwenyewe bado ni adimu kama ulivyokuwa mwaka 1982.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Wahome Mutahi ni hii. Alikuwa mwandishi wa riwaya wa wastani, mwigizaji jasiri, na mwandishi wa safu asiye na mpinzani katika Kenya ya zama zake. Ukubwa wake katika safu ulitokana na uamuzi mmoja alioushika kwa miaka 20: kwamba mshtakiwa wa kwanza ni yeye. Ninyi walimu wa shule za Othaya, Mathioya, Mathira na Tetu, wapeni wanafunzi vitabu vyake, kisha muwape zoezi la kuandika makala moja juu ya kasoro za nyumba yao wenyewe, kabla hawajaandika juu ya serikali. Ninyi wenye maktaba katika kaunti zetu, yatafuteni magazeti ya zamani ya Jumapili kabla panya hawajayamaliza, maana sehemu kubwa ya kazi yake imo humo. Nanyi mnaotaka kuwa waandishi, mkimaliza makala yenu, isomeni mara moja zaidi mkitafuta mahali mlipojitaja. Msipopaona, rudini mkaanze upya.